Muuguzi anarudi zamu baada ya matibabu ya saratani: hiyo "kazi nyepesi" ni ipi hasa?

Rosta_Mezani

Wadau wa wodini, habari za zamu.

Muuguzi amemaliza kemo (dawa za kuua seli za saratani), mionzi au upasuaji. Analeta barua ya daktari yenye mstari mmoja: "Anaweza kurejea kazini, apewe kazi nyepesi." Msimamizi anaisoma, anamtoa wodi ya upasuaji, anampeleka mapokezi ya wagonjwa wa nje. Huko hanyanyui mtu, kweli, ila anashinda akikoholewa usoni huku chembe nyeupe zake za damu, zile za kinga, bado ziko chini. Kazi nyepesi kwa mgongo, hatari kwa mapafu.

Naomba tujadili kazi moja moja: kugeuza mgonjwa, kutafuta mshipa, kuandaa dawa, kukesha. Barua yenye manufaa haina hata haja ya kutaja ugonjwa. Inataja kilo ngapi na kwa mkono upi, saa ngapi kwa zamu na zamu ngapi kwa wiki, usiku ndiyo au hapana, wagonjwa wa aina gani asiwahudumie, dawa zipi asiziguse, na tarehe ya kupitia upya. Hiyo tarehe ndiyo husahaulika. Matokeo yake kizuizi cha wiki sita kinadumu miaka miwili, au kinafutwa kimyakimya siku wodi imepungukiwa watu.

Kila mwenye fani yake amwage.

---

Fizio_Ghorofa2

Naanza na mkono, maana huko ndiko kwenye imani nyingi potofu.

Aliyeondolewa tezi nyingi za limfu za kwapani kwa sababu ya saratani ya titi ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya watano wa kupata limfedema, yaani mkono kuvimba kwa maji ya limfu. Aliyeondolewa tezi chache za uchunguzi tu ni kama mmoja kati ya ishirini. Kwa hiyo usimuulize tu ugonjwa ulikuwa wapi, uliza tezi ziliondolewa ngapi na kama kwapa lilipigwa mionzi.

Zamani walikatazwa kunyanyua chochote maisha yao yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa wanawake wenye limfedema mazoezi ya kunyanyua vyuma, uzito ukipanda kidogo kidogo chini ya usimamizi. Mikono yao haikuvimba zaidi kuliko ya wale ambao hawakunyanyua. Kinachoumiza ni uzito wa ghafla kwenye mkono usiozoeshwa: mgonjwa anateleza kitandani, unamdaka kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo mkono uandaliwe wiki 6 hadi 8 kabla ya zamu ya kwanza. Anza na nusu kilo au kilo moja, panda hatua ndogo kabisa, na usipande kama wiki hiyo mkono umekuwa mzito au pete imebana. Kabla hajarudi, apimwe mzunguko wa mikono yote miwili sehemu zilezile na vipimo viandikwe. Tofauti ikifika sentimita 2 aonwe na mtaalamu. Bila vipimo vya mwanzo, miezi mitatu baadaye mtabaki kubishana kama umevimba au haujavimba.

Na msisahau kwamba hata muuguzi mzima wa afya hapaswi kubeba zaidi ya takriban kilo 16 anapomnyanyua mgonjwa kwa mikono. Hicho ndicho kikomo cha NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, tena mgonjwa akiwa mtulivu na nafasi ikiwa nzuri. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 100 unafika hapo. Shuka za kutelezesha na mashine ya kunyanyulia ni za wodi nzima. Msimfanye anayerudi aonekane ndiye pekee anayezihitaji.

Ufufuaji wa moyo nao upimwe kabla: dakika 2 juu ya sanamu, kina sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Waliojengewa titi kwa msuli wa mgongoni na waliopigwa mionzi kifuani huweza kuchoka mapema. Asipofikia kiwango bado yumo kwenye timu, anashika njia ya hewa, dawa au kumbukumbu. Sharti ni kwamba hilo lijulikane mwanzo wa zamu, si mgonjwa akiwa amekwisha kuanguka.

Waliopasuliwa tumbo: hakuna mzigo mzito wiki 6 hadi 8. Mwenye stoma, yaani tundu la tumboni la kutolea haja, ana hatari ya henia pembeni yake hata baada ya hapo, kwa hiyo apate mkanda wa kushikilia na arudie kunyanyua polepole.

---

Zamu_ya_Jioni

Mkuu Fizio, ile soksi ya kubana mkono wanayovaa wenye limfedema inaendaje na sheria ya mikono wazi hadi kiwiko? Msimamizi mmoja anasema ivuliwe, mwingine anasema avae glovu juu yake.

---

SafishaMikono

Naomba nilijibu mimi, hili ni la udhibiti wa maambukizi.

Glovu juu ya soksi yenye kiganja, kutwa nzima, hapana. Sanitaiza haifiki kwenye ngozi, kitambaa kinabeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda, jasho linalainisha ngozi hadi inapasuka. Na ngozi iliyopasuka kwenye mkono wenye limfedema ni mlango wa selulaiti, maambukizi ya ndani ya ngozi.

Kama kiganja hakivimbi, avae soksi inayoishia kwenye kifundo cha mkono na aivue anapogusa majimaji ya mwili au kufunga vidonda. Awe nazo mbili au tatu, moja kwa kila zamu, ifuliwe kila siku. Hulegea, kwa hiyo ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hivi. Kama kiganja nacho kinavimba na hawezi kukaa bila kipande cha mkononi, basi kwa muda huo kazi ya kugusa wagonjwa haimfai. Apewe ufuatiliaji wa wagonjwa kwa simu, mafunzo au ukaguzi wa chati. Hapo hakuna njia ya mkato inayosafisha mikono sawasawa.

Wekundu unaosambaa, joto na homa kwenye mkono huo ni antibiotiki siku hiyohiyo, asisubiri ofu.

Sasa kinga ya mwili.

Baada ya kila mzunguko wa kemo, neutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu hupanda. Anayefanya kazi katikati ya mizunguko apangiwe ofu siku hizo. Si jambo gumu, tarehe za mizunguko zinajulikana mapema. Chini ya 0.5 (bilioni kwa lita) asionekane wodini kabisa. Kati ya 0.5 na 1.0 bado ni hatari. Juu ya 1.5, kama inaendelea kupanda, mazungumzo yanaweza kuanza.

Joto la 38 katika kipindi hicho ni dharura. Anaacha zamu, anakwenda kupimwa, na antibiotiki ya mshipani inatakiwa iingie ndani ya saa moja. Wauguzi wana tabia ya kumeza paracetamol na kumalizia zamu. Paracetamol inaficha homa, kwa hiyo apime kwanza.

Chanjo: rudini kwenye kadi yake. Kemo inaweza kufuta kinga aliyokuwa nayo. Pima kingamwili za homa ya ini B, zikiwa chini ya yuniti 10 achanjwe tena. Ya mafua ya sindano achomwe, haina kirusi hai. Zenye virusi hai, kama surua na tetekuwanga, zisubiri angalau miezi 3 baada ya kemo. Aliyetumia rituximab, dawa inayoua chembe za kinga aina ya B, asubiri angalau miezi 6. Aliyepandikizwa uboho huchanjwa upya karibu zote kama mtoto, na zile hai hazianzi kabla ya miezi 24.

Mpaka majibu ya surua na tetekuwanga yapatikane, asiingie chumba cha mwenye magonjwa hayo wala mwenye mkanda wa jeshi uliosambaa. Wenye kifua kikuu cha mapafu nao asiwahudumie kwa sasa. Na barakoa ya N95 ijaribiwe upya usoni. Uso ukinenepa kwa dexamethasone (dawa ya steroidi) au ukikonda kwa ugonjwa, barakoa ya mwaka jana haiubani tena sawasawa.

---

Mlinzi_wa_Chati

Nyongeza kwa SafishaMikono: tofautisheni dawa, maana watu huita kila dripu "kemo". Anayemalizia trastuzumab, ile dawa ya saratani ya titi ya kila wiki tatu kwa mwaka mzima, kwa kawaida hashuki neutrofili kama wa kemo. Cha kufuatilia kwake ni moyo, na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hurudiwa kila miezi 3 hivi. Wengi hufanya kazi huku wakiendelea nayo.

Anayetumia pembrolizumab na ndugu zake, dawa zinazoamsha kinga ipigane na saratani, tatizo lake ni kinyume, kinga inashambulia mwili wenyewe. Kuhara zamuni si lazima iwe chakula kibaya, kukosa pumzi si lazima iwe ngazi. Yanaweza kutokea hata miezi baada ya dozi ya mwisho. Uchovu mzito wenye presha ya chini ufanye watu wafikirie tezi za adrenali.

---

Kanula22

Nimesubiri mtu ataje vidole, hakuna. Na hapa ndipo panapoleta ajali.

Dawa za saratani kama paclitaxel, docetaxel, oxaliplatin, cisplatin, vincristine na bortezomib huharibu neva za vidole vya mikono na miguu. Muuguzi anakwambia "ganzi kidogo tu". Ganzi kidogo maana yake hausikii mshipa ukiruka chini ya kidole, hausikii kama kofia ya sindano imeingia au imekosa, ampuli inakuponyoka, unajichoma na kuigundua damu kwa macho.

Kisha kuna mtego. Oxaliplatin na cisplatin huendelea kuharibu neva miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Anayepimwa wiki ya pili akaonekana sawa anaweza kuwa mbaya zaidi mwezi wa tatu. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi: apimwe kabla ya kurudi, mwezi wa 1, wa 3 na wa 6.

Kipimo hakihitaji mashine, kinataka meza na nusu saa:

– Avunje ampuli 10 za maji ya sindano bila kudondosha wala kujikata.
– Avute mililita 0.3, 0.7 na 1.5 kwa bomba dogo, mwingine asome.
– Aweke kanula (mrija mdogo wa mshipani) kwenye mkono wa sanamu, glovu zikiwa mkononi. Bila glovu kipimo hakina maana.
– Ahesabu mapigo ya kifundo cha mkono kwa sekunde 60, mwenzake ahesabu upande wa pili. Yakipishana zaidi ya manne, rudieni.
– Afumbe macho atofautishe sarafu na kitufe.

Vipimo hivi si vya kitabu kimoja, ni kazi za wodi zilizogeuzwa mtihani. Akishindwa kanula lakini akaweza mengine, toa kanula tu. Usimwondolee kazi zote.

Zinazosaidia: kivunja ampuli cha plastiki, kanula na sindano zinazojifunika zenyewe, mashine ya kuonyesha mishipa, saa yenye mkono wa sekunde. Aliyetumia oxaliplatin huumizwa na baridi hasa siku za mwanzo baada ya dozi, kwa hiyo dawa za kwenye friji atoe mtu mwingine au avae glovu za joto. Miguuni, viatu vilivyofungwa visivyoteleza. Maji ya kumwogeshea mgonjwa apime kwa kipimajoto. Kiganja chenye ganzi kitasema yana uvuguvugu kumbe yanaunguza.

Akijichoma utaratibu ni uleule wa kila mtu, na dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72. Ila aliye kwenye dawa za saratani lazima daktari wake apigiwe, zipo zinazogongana.

---

Zamu_ya_Jioni

Ganzi haina dawa?

---

Kanula22

Ya kuirudisha neva, hapana. Kwa maumivu, duloxetine ndiyo inayopendekezwa, na nafuu yake ni ya wastani. Anayemeza tamoxifen, kidonge cha homoni cha saratani ya titi, amwambie daktari kabla, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona hupunguza kazi ya tamoxifen. Paroxetine na fluoxetine ndizo mbaya zaidi.

---

Dawa_Mara_Mbili

Vidole vimesemwa, niseme kichwa.

Ukungu wa kichwa baada ya kemo, yaani akili kuwa nzito, upo. Mara nyingi si kusahau majina ya dawa. Mtu wa miaka 15 kazini hasahau dozi ya amoxicillin. Kinachoyumba ni kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Anahesabu dripu, ndugu wa mgonjwa anauliza swali, akirudi hajui alifika wapi. Kwa hiyo mtihani wa hesabu za dawa kwenye chumba tulivu atafaulu, na hautakuambia lolote. Mpe hesabu tano, mkatize mara tatu, uone anavyorejea.

Wiki nne za mwanzo asibebe peke yake insulini, heparini, potasiamu ya mshipani wala opioidi (dawa kali za maumivu kama morfini). Uhakiki wa mtu wa pili uwe wa kweli: kila mmoja anakokotoa kwenye karatasi yake, halafu mnalinganisha. Kumwonyesha mwenzako jibu na kumuuliza "sawa?" hakuhakiki kitu, atasema sawa.

Akikatizwa wakati wa kuandaa dawa aanze upya kutoka kusoma chati, asiendelee alipoachia. Makabidhiano yaandikwe, yasitegemee masikio. Na kabla ya kulaumu kemo, tazameni usingizi, damu, tezi ya shingo (thairoidi), sonona, na vidonge vya maumivu anavyomeza yeye mwenyewe.

---

Rosta_Mezani

Ahsanteni, huu uzi umeshiba. Niweke ya ratiba.

Uchovu wa saratani hauondoki kwa kulala, ndiyo maana "kapumzike wiki mbili" humrudisha vilevile. Kwanza tafuta kinachotibika: hemoglobini, tezi ya shingo hasa kama shingo ilipigwa mionzi, usingizi. Kisha mazoezi ya kupanda taratibu, ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko dawa.

Mfano wa kupanda kwa anayerudi wodi ya kawaida:

Wiki 1–2: saa 4 kwa zamu, zamu 2, zenye pengo la siku kati yake. Awe wa ziada kwenye rosta, asihesabiwe.
Wiki 3–4: saa 4 hadi 6, zamu 3.
Wiki 5–8: saa 6 hadi 8, zamu 3 hadi 4, anaanza kubeba wagonjwa wake, nusu ya idadi ya kawaida.
Wiki 9–12: saa 8, idadi kamili.
Zamu ya saa 12 na usiku: baada ya hapo.

Neno zito ni "asihesabiwe". Akihesabiwa kama mtu kamili siku ya kwanza mpango umekufa, kwa sababu akikaa chini dakika kumi wenzake wanakuwa wamepungukiwa mmoja, na naye anajua. Usipandishe saa na idadi ya wagonjwa wiki moja, utashindwa kujua kipi kilimwangusha. Mwache aandike nguvu zake 0 hadi 10 mwisho wa zamu na kesho yake asubuhi. Namba ya asubuhi ndiyo ya kutazama. Ikishuka zamu tatu mfululizo, rudi hatua moja nyuma.

---

Naiti_Duti

Mkuu hapo kwenye usiku napinga kidogo. Usiku hakuna raundi, hakuna ndugu wa wagonjwa, hakuna simu. Kwa mwenye ukungu wa kichwa pengine ni bora kuanza usiku.

---

Rosta_Mezani

Hoja ya kukatizwa ina ukweli. Lakini usiku mko wawili pale mchana mlipokuwa sita. Nani atahakiki potasiamu? Nani atashika upande wa pili wa shuka? Vizuizi vyote tulivyoorodhesha vinahitaji mtu wa pili, na usiku ndiye hayupo. Bado sijagusa usingizi.

Tena watu hutumia tamko la IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, kutisha. Kweli, mwaka 2007 iliweka kazi ya usiku kwenye kundi la 2A, vinavyoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 ikabaki hapohapo. Hilo linahusu kupata saratani kwa miaka mingi ya kukesha. Halisemi naiti mbili zitarudisha ugonjwa. Tusimwambie mtu hivyo.

Kwa wanaomeza anastrozole au letrozole, vidonge vya kupunguza homoni kwa saratani ya titi, zamu ya jioni mara nyingi ndiyo rafiki. Viungo hukakamaa asubuhi, na saa moja asubuhi ndipo kitanda cha kwanza kinahitaji kutandikwa.

---

Zamu_ya_Jioni

Na wodi ya saratani yenyewe? Anaruhusiwa kurudi kule alikokuwa akichoma kemo?

---

Mlinzi_wa_Chati

Anaruhusiwa, kwa vifaa vilevile vinavyomlinda kila mtu: glovu mbili za kemo, gauni lisilopitisha maji, mfumo uliofungwa wa kuhamishia dawa. Kama vifaa hivyo havipo, tatizo ni la wodi nzima, si lake. Mkojo na kinyesi cha mgonjwa vishikwe kwa tahadhari hiyohiyo angalau saa 48 baada ya dozi. Yeye mwenyewe akiwa bado anapata kemo, tahadhari hizo zinahusu choo chake pia, kwa hiyo kumwaga maji mara mbili baada ya kutumia choo cha wafanyakazi ni jambo la busara. Mwenye ujauzito au anayepanga kuupata asiandae dawa hizi.

Mionzi ya mashine ya nje haiachi chochote mwilini, wenzake hawana cha kuogopa. Aliyemezeshwa iodini 131, dawa yenye mionzi, ni habari nyingine: nguvu yake hupungua nusu kila siku 8, na huandikiwa siku za kukaa mbali na watoto na wajawazito. Anayefanya kazi leba au wodi ya watoto wachanga huandikiwa muda mrefu zaidi kuliko wa ofisini. Amtajie daktari wa tiba ya nyuklia anafanya kazi wodi gani, asiseme tu "hospitali".

Lingine ni faili. Akiwa ametibiwa hospitali anayofanyia kazi, wenzake wenye nywila wanaweza kufungua chati yake. Aombe faili liwekewe kizuizi na rekodi ya waliolifungua ikaguliwe. Wodini watu wajue anachoweza na asichoweza. Jina la ugonjwa ni lake kulitaja.

---

Fizio_Ghorofa2

Dogo nililosahau: waliopigwa mionzi ya nyonga hupata haja ya ghafla. Wapewe upande wa wodi ulio karibu na choo, na pawe na mwenzao wa kumwachia mgonjwa kwa neno moja bila maelezo. Mwenye mfuko wa stoma aumwage ukifika theluthi moja hadi nusu, kabla hajavaa gauni la kujikinga, na seti ya akiba ikae kwenye kabati lake kazini.

---

Zamu_ya_Jioni

Swali la mwisho, litaonekana la ajabu. Anayemeza capecitabine, kemo ya vidonge, mashine ya mahudhurio haisomi kidole chake, na anaandikwa hakuja.

---

SafishaMikono

Si la ajabu hata kidogo. Capecitabine huchubua viganja na inaweza kufuta alama za vidole. Mara nyingi hurudi baada ya dawa kusimama, ila si kesho yake. Barua ya daktari itaje hilo kwa maneno hayohayo, apewe namba ya siri au kadi kabla ya zamu ya kwanza, na siku alizoandikwa hakuja zirekebishwe kwa maandishi kabla mshahara haujafungwa. Mafuta yenye urea usiku, maji ya moto ayaepuke, na sanitaiza yenye kilainishi badala ya kusugua kwa sabuni kila mara, isipokuwa mikono ikichafuka kwa macho au mgonjwa ana *Clostridioides difficile*, hapo ni sabuni na maji.

Kabati la dawa za kulevya linalofunguliwa kwa kidole nalo lishughulikiwe siku hiyohiyo. Likimkatalia saa nane usiku na mgonjwa ana maumivu, mwenzake atamfungulia kwa kidole chake, na hapo morfini itakuwa imeandikwa kwa jina la mtu ambaye hakuichukua.